Kibendera Chekundu

Kibendera kilikuwa chini. Akiwa amelala sakafuni jikoni, nyonga imevunjika, Bi Opal Stidham hakuwa na tumaini jingine.

Alikuwa ameteleza alfajiri akibeba kuni. Sasa jiko lilibakiwa na makaa machache, na pumzi yake ilianza kuonekana hewani kama moshi. Simu ilikuwa bubu tangu mvua ya barafu iangushe nyaya, na barafu hiyohiyo ilikifunga kibonde cha Laurel mpaka barua zikakoma kuja. Lakini asubuhi hii alikuwa amelisikia gari la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu likipita. Njia imefunguliwa. Verlin atakuja.

Kila sanduku la barua kando ya barabara ile lilikuwa na kibendera cha bati. Mwenye barua ya kutuma hukipandisha, na mpeleka barua akikiona husimama. Hiyo ilikuwa ishara ya watu wote. Bi Opal na Verlin Combs, mpeleka barua wa kibonde, walikuwa na yao.

"Wewe kipandishe kila asubuhi, uwe na barua usiwe nayo," Verlin alimwambia mwaka ule alipofiwa na mumewe. "Nikikiona juu, najua umeamka salama, napita zangu. Nikikikuta chini, sibishi hodi. Naingia."

"Na ukinikuta naoga?"

"Hapo mimi ndiye nitakayehitaji daktari, Bi Opal."

Walicheka wote wawili. Kisha Verlin akasema kwa sauti nyingine, ile aliyorudi nayo kutoka Vietnam: "Kule vitani hatukumhofia aliyepiga kelele. Tulimtafuta aliyenyamaza."

Bi Opal alimwapisha asimwambie mtu, maana mpwa wake angejua, angempeleka kwenye nyumba ya wazee. Verlin akaitunza siri. Ndivyo alivyokuwa. Wagonjwa aliwachukulia dawa zao mjini, wajane aliwapasulia kuni, na mbwa wa kibonde kizima walilikimbilia gari lake kwa furaha, kwa kuwa mfuko wake haukukosa biskuti.

Bi Opal alijaribu kujiburura. Maumivu yakamrudisha chini. Akajaribu kuita, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto wa paka. Kaa moja jikoni likazimika, kisha jingine.

Ndipo aliposikia gari.

Lilikuja polepole, kama Verlin alivyoendesha siku za barafu. Likasimama penye sanduku lake. Mlango ukafunguliwa, na viatu vikasikika vikivunja barafu.

"Ingia, Verlin," alinong'ona, machozi yakimtiririka hadi masikioni. "Ingia, mwanangu. Sijafunga mlango."

Kule barabarani, jirani yake Lorene alikuwa amesimama mbele ya sanduku, skafu nyeusi kichwani.

"Rudi garini, mke wangu, wenzetu wanakaribia!" mumewe alimwita. "Umeona nini hapo?"

"Kibonde kizima kimempandishia kibendera, isipokuwa Bi Opal. Maskini, na simu hizi zilivyokufa, hata hajui."

"Basi mgongee, umwambie."

Lorene aliitazama nyumba. Moshi wa dohani ulikuwa mwembamba kama uzi.

"Bado amelala huyu. Mwache. Habari ya namna hii mtu haamshwi nayo. Nitakuja kesho, nimletee na supu ya maharage." Akaigonga barafu iliyoshika bawaba. "Lakini hatutamuaga Verlin na kibendera kimoja kiko chini. Tena cha Bi Opal, aliyempenda kuliko sisi sote! Angetuona watu wa aina gani?"

Akakisukuma kibendera mpaka kikasimama wima, chekundu juu ya theluji, akarudi garini kwa haraka.

Nyuma yao gari lililobeba jeneza la Verlin Combs likafika, likapunguza mwendo mbele ya sanduku, likakuta kibendera kiko juu, likapita zake.