Doa Moja Liachwe

Mtu ambaye kazi yake ni kuondoa madoa alikuwa amepiga magoti kwenye uwanja wa watu, mchana kweupe, anamwaga oili chafu kwa kijiko cha chai.

Alimwaga kidogo, akaitazama simu yake, akamwaga tena. Wenzake walimwita Povu, kwa sababu popote alipopita na mashine yake ya presha aliacha povu na vitofali vinavyong'aa. Wangemwona saa hiyo wangesema amerukwa na akili. Lakini akili zilikuwepo zote, na ndizo zilizokuwa zikimsuta.

Asubuhi, mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyekwisha kuvaa viatu vya kutokea, alimpitisha uwanjani kuanzia getini hadi barazani. Ukoga ulikuwa umetanda kila mahali na majani yameota katikati ya vitofali. Walipofika karibu na ukuta, mama alisimama mbele ya doa jeusi, pana kama sinia.

"Kote safisha, baba. Hili tu niachie."

"Hili la oili, mama? Mbona hili linatoka bila taabu."

"Najua linatoka. Ndiyo maana nakwambia uliache."

Povu alicheka, akidhani anataniwa. Mama hakucheka.

"Ni la pikipiki ya mwanangu. Ilikuwa inavuja, na vitofali vilikuwa vipya. Nikamwambia atoke nayo na asikanyage tena hapa. Na mengine nilimwambia, siwezi hata kuyarudia. Akaondoka. Simu yake haipatikani mpaka leo." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nilimfukuza mtoto kwa ajili ya doa. Sasa doa ndilo nililobaki nalo."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Sitaligusa."

Mama akamwachia ufunguo wa geti, akaenda kumtazama dada yake mgonjwa.

Povu hakuwa mzembe. Kwanza aliupiga picha uwanja mzima, kama afanyavyo kila kazi, ili mwenyewe aone ulivyokuwa na ulivyokuja kuwa. Kisha akachukua ndoo, akaifudikiza katikati ya lile doa, mtu asije akasahau. Mtu mwenyewe ni yeye, maana alikuwa peke yake.

Kazi ikanoga. Mashine ya presha ni kama wembe kichwani: ukishapita, umepita. Alikwenda mstari kwa mstari huku akipiga mluzi, na sabuni ilipomwishia akahitaji ndoo ya kukorogea nyingine. Akaichukua iliyokuwa karibu. Akakoroga, akamwaga, akasugua, akapitisha maji. Alipogeuka kuitazama kazi yake, uwanja wote ulikuwa safi kama sahani, hadi ukutani.

Mluzi ukamkatikia mdomoni.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Povu hayakungoja hata kuzaliwa. Aliketi palepale kwenye maji, suruali ikalowa, asijali. Mama wa watu amebakiwa na kitu kimoja, amempa yeye akilinde, naye amekisugua kwa brashi! Angemwambia nini? Kwamba alikuwa anatafuta ndoo? Alijiona mbaya kuliko mwizi, maana mwizi angalau huondoka na kitu.

Ndipo alipokumbuka picha.

Alitoka mbio hadi gereji ya jirani, kopo mkononi.

"Oili chafu?" fundi alimshangaa. "Si wewe unayeosha viwanja? Au siku hizi unajitafutia kazi mwenyewe?"

"Nipe tu, kaka. Usiniulize."

Na sasa alikuwa chini, na kijiko chake. Doa la asili lilikuwa na mkia mwembamba ulioelekea getini. Akauchora kwa ncha ya kijiti. Pembeni palikuwa na vitone vidogo. Akavidondosha kimoja kimoja. Liling'aa mno, akalinyunyizia vumbi na kuligandamiza kwa kitambaa. Alipolilinganisha na picha, hakuona tofauti. Hata hivyo moyo haukutulia. Alijisemea kwamba mama akiuliza atakiri, akipigwa na apigwe. Asipouliza, ataubeba mzigo huo mwenyewe, na hatausimulia hata kwa mke wake.

Mama alirudi jioni jua likiwa bado lipo. Aliupita ule uwanja msafi bila kuutupia jicho, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta. Povu alijifanya anakunja mpira wa maji. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

Mama alichuchumaa, akaligusa doa kwa kidole. Kidole kikatoka cheusi. Akakisogeza puani, akanusa.

"Mama," Povu alisema, "naomba uni..."

Mama hakumsikia. Alikurupuka hadi getini, akachungulia barabara huku na huku, akarudi mbio, kiatu kimoja kimebaki njiani. Akamshika Povu mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na alikuwa anacheka.

"Oili bado mbichi! Amekuja! Mbona hukumzuia, baba? Ameelekea wapi?"