Toba ya Mkaguzi

Mlango wa stoo ulikuwa umerandwa mara tatu, na bado uligoma kufunga.

"Huu una mapepo," alisema seremala, akipangusa vumbi la mbao kwenye nyusi. "Mchungaji auombee kwanza. Mimi nimenyoosha mikono."

Watu wakacheka. Mzee Rula, waliyemwita hivyo kwa jinsi alivyotembea wima, hakucheka. Alikuwa juu ya ngazi akipaka rangi ukuta wa ukumbi, na kila alipogeuka alimwona Mama Cherehani chini yake, amepiga magoti, anakwangua sakafu.

Walikuwa wamefanya kazi hivyo miezi miwili. Jengo lilikuwa la ghorofa tatu, katikati ya mji, tupu kwa miaka kumi na mmoja, hadi warithi wa mwenye jengo walipolichoka wakalikabidhi kanisa. Chini pangekuwa na ukumbi, juu yake chumba cha kulelea watoto, na juu kabisa darasa la ushonaji. Darasa hilo lingekuwa la Mama Cherehani.

"Palepale nilipokuwa na mashine zangu nane," alimwambia kila mtu, "kabla hatujatupwa nje kama takataka."

Kila aliposema hivyo, brashi ya Mzee Rula ilisimama.

Maana aliyewatupa nje ni yeye. Wakati huo, kabla hajastaafu, alikuwa mkaguzi wa majengo wa jiji. Mwenye jengo alitaka wapangaji watoke ili auze. Bosi wa Mzee Rula alikuwa rafiki wa mwenye jengo huyo, na cheo cha mkuu wa idara kilikuwa wazi. Mzee Rula hata hakushuka garini. Aliandika akiwa kwenye kiti cha mbele: nguzo mbovu, jengo ni hatari, watu wahame ndani ya siku tatu. Akagonga muhuri. Baadaye mnunuzi mwenyewe akaingia mitini. Mume wa Mama Cherehani alilala nje siku nne akilinda mashine, mvua ikimnyeshea. Akashikwa na kifua, hakuinuka tena.

Cheo Mzee Rula alikipata. Usingizi ndio uliomkimbia.

Siku hiyo mchungaji aliingia ukumbini na uso umemshuka.

"Mzee wetu, jiji wametunyima kibali. Wanasema kuna taarifa ya zamani, eti nguzo ni mbovu. Wewe ulifanya kazi kule. Hakuna namna?"

Mama Cherehani aliinua kichwa kutoka sakafuni, akamtazama kwa matumaini. Mzee Rula akashuka ngazi polepole.

Jumapili alisimama mbele ya kanisa zima.

"Taarifa ile niliiandika mimi," alisema. "Ni uongo mtupu. Jengo lile ni zima, na lilikuwa zima tangu mwanzo."

Kisha akaenda kupiga magoti mbele ya Mama Cherehani.

"Mume wangu alikufa akisema lile jengo halina kasoro," alisema Mama. "Mimi nikamwona mbishi." Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Inuka, kaka. Nimekusamehe. Ila hayo uliyosema, yaandike."

Aliyaandika hapohapo, akatia sahihi. Haikupita wiki, jiji likaifuta taarifa ya zamani na kutoa kibali.

Siku ya ufunguzi watu walifurika. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni, juu watoto walikimbizana, na juu kabisa wanafunzi wa ushonaji walikuwa wakichungulia madirishani. Kila aliyempita Mzee Rula alimshika mkono. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja alijisikia mwepesi.

Mabenchi yakapungua, naye akaenda stoo kutafuta mengine. Alipovuta kabati kuukuu, kipande cha plasta kikadondoka kutoka kwenye nguzo nyuma ya kabati hilo.

Mzee Rula alikitazama. Kisha akaitazama nguzo. Ndipo lilipomjia wazo ambalo, kwa majuto yake yote, halikuwahi kumjia: hakuwahi kuikagua.

Aliigonga kwa kifundo cha kidole. Zege zima hutoa mlio mkavu. Hili lilitoa mlio wa boksi tupu. Akalibonyeza kwa dole gumba, likamomonyoka. Ndani, nondo zilikuwa zimeliwa na kutu zikabaki nyembamba kama njiti. Akaikimbilia nguzo ya pili. Akaikimbilia ya tatu. Juu, kwa kila kishindo cha watoto, vumbi lilidondoka kutoka darini.

Alirudi ukumbini mbio, akampokonya mchungaji kipaza sauti.

"Tokeni nje! Wateremsheni watoto! Nguzo zimeoza, nimeziona kwa macho yangu!"

Watu wakageuka kumtazama. Nyuma, mtu mmoja akacheka kidogo. Mama Cherehani akaja mbele machozi yakimlengalenga, akamkumbatia kwa nguvu, na taratibu akakitoa kile kipaza sauti mkononi mwake.

"Jamani, mnamwona ndugu yetu?" alisema. "Dhambi ile bado inamtafuna. Kaka, hili jengo ni zima. Ulituambia mwenyewe."

"Mama Cherehani, nakusihi, safari hii..."

"Yamekwisha, kaka. Yamekwisha."

Makofi yakalipuka. Mchungaji, naye akijifuta macho, akawapungia wapiga ngoma, akawaomba watu wa ghorofa zote tatu wasimame wamrukie Bwana kwa furaha, kwa ajili ya mzee wao.

Wakaanza kuruka.