Glasi ya Hakimu

"Weka matone matano, mbele ya macho yangu," alisema mgeni mwenye koti la kijivu, akasukuma kichupa cha dawa ya macho juu ya kaunta kama mtu anayerudisha chumvi.

Mrija alikitazama bila kukigusa. Wenzake walimpa jina hilo kwa urefu na wembamba wake, na kwa mirija mifupi ya kuonjea kila kinywaji kabla hakijatoka, iliyojaa mfuko wa shati lake. Alikuwa na miaka kumi na minne nyuma ya kaunta hii, katika mgahawa wa ghorofa ya juu hotelini, ambako watalii hupiga picha sahani zao mpaka chakula kinapoa. Wateja wa kila namna aliwazoea. Wa namna hii hakuwahi kumpata.

"Si dawa ya macho," mgeni aliendelea kwa upole. "Haina harufu wala ladha. Tone moja linamtosha ng'ombe, ila mimi sipendi kubahatisha. Baada ya robo saa midomo inakufa ganzi, kisha mtu anasinzia. Watasema ni moyo."

Akageuza simu yake. Kwenye picha, mama yake Mrija alikuwa akianika shuka uani, kichwani kile kitambaa cha njano alichomnunulia mwezi uliopita.

"Imepigwa sasa hivi. Aliyeipiga bado yuko hapo nje, anangoja nimpigie tu."

Kijasho chembamba kilimtoka Mrija. "Kinywaji cha nani?"

"Usijifanye hujui."

Alijua. Hakimu, mama wa makamo, alikuwa kwenye kiti chake cha mwisho wa kaunta, akichambua samaki taratibu. Kila siku ya kesi alikuja hapa kula, akanywa maji ya limau na mnanaa yasiyo na pombe, kisha saa nane akarudi mahakamani. Leo alikuwa anakwenda kusoma hukumu ambayo mji mzima uliisubiri. Kwenye meza ya dirishani, mwanamke mmoja mwenye kofia pana na ramani ya watalii alikuwa askari kanzu wa kumlinda. Mgeni hakulijua hilo. Mrija alilijua, maana wiki ya tatu sasa alimpelekea chai, na ramani haijawahi kufunuliwa ukurasa wa pili.

"Mrija, mwanangu," Hakimu aliita, "leo utaniua kwa kiu. Au umeyaonja mpaka yamekwisha?"

Ulikuwa utani wake wa kila siku. "Yanakuja, Mheshimiwa," Mrija alijibu, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Aliogopa. Mikono tu ndiyo haikumwangusha. Ilifanya kazi yenyewe, yeye akili ikiwa uani kwa mama yake. Iliponda mnanaa, ikakamua limau, ikahesabu matone matano huku mgeni naye akihesabu kimyakimya. Ikatikisa, ikachuja, ikamaliza kila hatua kama siku zote, mpaka kuupangusa ukingo wa glasi.

Hapa kila glasi huenda na karatasi yake ya oda, imekunjwa na kuwekwa chini yake. Mrija aliinama, akaandika kalamu ikimteleza kwa jasho: *Usinywe. Koti la kijivu. Wako kwa mama yangu, nyumba ya bluu nyuma ya chuo cha ufundi.* Kisha akaenda kuiweka glasi mbele ya Hakimu.

Hakimu aliitupia karatasi jicho, akatabasamu kidogo. Akainua glasi mpaka midomoni. Koo lake likapanda na kushuka. Mrija alibaki roho mkononi, asijue kama Hakimu ameelewa au hakuelewa.

"Tamu," Hakimu alisema. Akajipangusa mdomo, akakiangusha kitambaa sakafuni pamoja na karatasi. Mwanamke mwenye kofia akainuka kumwokotea.

Mgeni akatazama saa, akashuka kwenye kiti bila haraka. Alipofika mlangoni na kuingiza mkono mfukoni kutafuta simu, mkono huo ulikunjwa nyuma ya mgongo wake, kofia pana ikaanguka, na wapishi wawili wakatoka jikoni kuja kumkalia. Watalii walidhani ni onyesho, wakapiga picha.

Kisha ikawa ni kungoja. Askari alipiga simu moja, akapiga ya pili. Dakika kumi zikapita, kumi na mbili. Mrija alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili, akimwomba Mungu. Hatimaye simu ya Hakimu ikalia, naye akamkabidhi Mrija.

"Wewe," ilisema sauti ya mama yake kwa hasira, "polisi wamejaa uani kwangu, wamemfunga mtu pingu na shuka zangu zote wamezikanyaga. Umefanya nini?"

Mrija alicheka huku machozi yakimtiririka. Mama yake alikuwa mzima. Hakimu alikuwa mzima, na glasi yake imejaa vilevile, haijapungua hata kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu kile kichupa kiwekwe kwenye kaunta, alishusha pumzi.

"Mwambie shuka nitamfulia mimi," Hakimu alisema. "Haya, mjibu mzazi. Mbona umenyamaza?"

Alitaka kujibu. Alifungua kinywa, lakini midomo haikumtii. Akaishika kwa vidole, akaona kama anashika midomo ya mtu mwingine.

Macho yake yakashuka kwenye sinki. Ndani yake ulilala mrija mmoja mfupi, ncha yake imeganda kijani cha mnanaa. Sinki hilo alilisafisha kabla Hakimu hajaingia, na tangu hapo alikuwa ametengeneza kinywaji kimoja tu.