Alama Nyekundu Ukutani

Vijana watano waliovaa vizibao vya rangi ya machungwa walivuta futi kamba kutoka mferejini hadi kwenye kibaraza cha fundi saa, wakagombana kaskazini ni upande gani, kisha mmoja wao, binti, akachora X nyekundu ukutani. Wakaondoka.

Fundi saa hakuwauliza kitu. Mtu anayejua kila jambo aulize ili iweje? Mtaani walimwita Mjuaji, naye akadhani wanamsifu.

"Barabara inapita hapa," alimtangazia mkewe. "Jumatatu tingatinga litakuwa sebuleni."

"Wamekwambia?"

"Serikali haisemi, mke wangu. Inachora."

Mkewe alipitisha kidole ukutani. "Mbona chaki? Nikipitisha kitambaa inatoka."

"Thubutu uone. Hiyo ni mali ya serikali."

"Basi kawaulize. Kuuliza si ujinga."

"Nimemsikia yule binti kwa masikio yangu. Jumatatu mkubwa wao anakuja kukagua, na akikuta kosa hapa, wamekwisha wote. Unataka nini zaidi, tarumbeta?"

Ilimuuma, tena sana, maana nyumba ile aliijenga tofali kwa tofali, akishindia mkate mkavu. Lakini mwerevu hangoji tingatinga limsagie mabati. Jumamosi aliezua paa. Jumapili aling'oa milango na madirisha, akaangusha kuta ili aokoe tofali, huku akiwahurumia majirani waliokaa wakinywa chai chini ya mapaa yao, masikini, hawana akili. Mkewe alikaa uani juu ya godoro, akalia bila kujificha.

"Utakuja kunishukuru," Mjuaji alimwambia.

Jumatatu vijana walirudi kweli, na mkubwa wao kweli, bwana mmoja wa miwani aliyeshika karatasi pana. Mjuaji aliwapokea akiwa juu ya kifusi, amejinyoosha, akingoja pongezi na, Mungu akipenda, fidia.

Mkubwa aliitazama karatasi. Akatazama kifusi. Akairudia karatasi, kisha akawageukia vijana, ambao walikuwa wamesimama vinywa wazi.

"Mwaka wa pili huu mnasoma jiografia," alisema, "na bado mnachora nyumba pasipo na nyumba? Futeni. Mtaupima upya mtaa mzima."