Nusu ya Maumivu

Tangu daktari aseme kwamba saratani ya tezi dume ya baba yake imeshafika kwenye mifupa, Nakijwa alivaa bangili, kama sheria ilivyowataka watoto wa wagonjwa. Ilimletea nusu ya maumivu ya baba. Akiivua, yote yanamrudia mzee. Alifua huku kiuno kikimuwaka, akakoroga uji ameegemea ukuta.

"Jinyooshe kidogo, mwanangu," Mzee Mshana alimwambia Jumapili mchana.

"Sijachoka, baba."

Lakini usingizi ulimchukua palepale mkekani. Alipoamka, mwili ulikuwa mwepesi, hauumi popote. Akatabasamu, kisha akashtuka na kujishika mkono. Bangili haikuwepo.

Alimkuta baba yake kitandani, bangili ameikumbatia kifuani, shuka ameling'ata kwa meno.

"Baba! Nirudishie."

Mzee alilitoa shuka mdomoni taratibu. "Niachie hadi magharibi. Umekonda mno, Nakijwa."

Nakijwa alinyoosha mkono aichukue, lakini mkono ukabaki hewani. Akaketi pembeni ya kitanda, akiona aibu kwa jinsi alivyokuwa akipumua vizuri.