Udongo wa Kijivu

Kila mahali alipopiga picha, Gwenda Schirmer alianza kwa kushika mbele ya kamera kibao chenye miraba ya rangi za kulinganishia. Pale kwenye kiota tu hakufanya hivyo.

Corin Haddow aliirudisha video nyuma, akaitazama tena. Kasuku aliyedhaniwa kutoweka alichungulia kutoka kwenye nyasi, akapinda shingo, akaingia kulalia mayai. Udongo chini yake ulikuwa wa kijivu kama saruji.

Kamera ile hurekodi picha zilizopauka. Kazi ya Corin, katika studio hiyo ya Adelaide, ilikuwa kuzirudishia rangi, kisha kuitoa filamu ikiwa na wasifu wa rangi ulio sahihi, yaani maelekezo ya rangi yanayosomwa na skrini, ili televisheni na simu zionyeshe kitu kilekile. Bila kibao hakuwa na pa kuanzia. Tena faili la kiota lilikuja na wasifu wa kamera nyingine kabisa.

"Umekosea, Gwenda, au unanificha kitu?"

"We weka rangi yoyote inayopendeza," Gwenda alisema huku akitafuna pai ya nyama. "Watu watatazama ndege, nani atatazama mchanga?"

"Mimi."

"Ndiyo maana huna mke."

Corin hakucheka. "Watasema ulimpiga ndege picha ndani ya kizimba, ukamwagia udongo wa dukani. Na jina langu limo kwenye filamu hii."

Gwenda aliiweka pai mezani. "Miaka yote nimelala jangwani na nzi, leo unaniita mwongo?"

"Nionyeshe kibao, nifunge mdomo."

Gwenda alimkazia macho. Mwishowe akatoa diski ndogo mfukoni, akamsukumia.

Kibao kilikuwamo, mkononi mwa Gwenda, hatua chache kutoka kiotani. Corin aliweka wasifu sahihi, akalinganisha mraba mmoja mmoja wa rangi, akaitoa video. Akaicheza kwenye televisheni, kwenye kompyuta, kisha kwenye simu. Skrini zote zilikubaliana: udongo ulikuwa wa damu ya mzee, wenye michirizi ya manjano.

"Umeridhika?" Gwenda aliuliza kwa sauti ya chini. "Rangi hiyo iko kwenye bonde moja tu. Anayeujua udongo wa jangwa lile akiiona, atafika kiotani kabla mayai hayajaanguliwa. Kuna watu wanayatafuta mayai hayo kama wendawazimu. Ndiyo maana nilikificha kibao, nikabadilisha na wasifu."

"Ungeniambia mapema."

"Simwambii mtu."

"Basi nisamehe. Nilikushuku bure."

Mbele ya macho ya Gwenda, Corin aliifuta video yenye udongo mwekundu. Akaurudisha ule wa kijivu, akaupa wasifu sahihi ili uwe kijivu kilekile kwenye kila skrini duniani. Gwenda alishusha pumzi, akambusu shavuni, akachukua diski yake na kipande cha pai kilichobaki.

Corin alisimama dirishani mpaka gari la Gwenda lilipotoka uani. Kisha akapiga simu.

"Bonde nimelijua," alisema. "Njoo na kile kisanduku cha joto, mayai yasipoe njiani."