Kochi la Ghorofa ya Nne

"Hapo usikae, ndugu mkaguzi," Eulogio akasema, lakini mtu alikuwa ameshakaa, na ameshazama mpaka magoti yamekaribia kidevu.

Huyo mkaguzi, Arsenio jina lake, kazi yake ilikuwa kutafuta mbu. Anapita nyumba kwa nyumba, anachungulia mapipa ya maji. Sasa mtu amepanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, na lile jua la Havana la saa nane, utamwambiaje asikae? Alishamaliza kazi yake jikoni, maji kayaona safi, akaomba na maganda ya ndizi yaliyokuwa mezani. Mkoba wake tayari ulikuwa umejaa maganda ya nyumba za chini. Watu wana mambo yao, bwana.

Shida ni kwamba ndani ya lile kochi alikuwamo nguruwe.

Ndiyo, nguruwe mzima, wa kilo thelathini hivi. Miaka ile ya uhaba nyama watu walikuwa wanaiota tu, na Yusleidis, binti wa Eulogio, anatimiza miaka kumi na tano mwezi huohuo, umri ambao kule kila binti hufanyiwa sherehe kubwa. Sasa sherehe ya kumi na tano bila nguruwe wa kuchoma, si bora mtoto abaki tu na kumi na nne. Na kufuga kwenye fleti marufuku. Wakimkuta wanamchukua, na sherehe imekufa. Kwa hiyo mkaguzi akisikika kwenye ngazi, Migdalia, mke wa Eulogio, anamlisha nguruwe mkate uliolowekwa ramu. Akishalegea wanamsukuma ndani ya kochi. Eulogio aling'oa springi na mikanda yote ya chini ili mnyama apate nafasi. Hakuna mkaguzi aliyewahi kukaa, mpaka huyu. Bahati tu nguruwe alikuwa kalalia upande wa pili.

"Hili kochi linaumwa," Arsenio akasema, anahangaika kujinasua. "Mimi kabla ya mbu nilikuwa fundi makochi, dada. Likibonyea namna hii, ama sponji imechoka, ama springi zimeachia, ama mkanda umekatika."

"Ni sponji," Migdalia akawahi.

Arsenio akachomoa mto, akauminya, akaunusa. Eulogio akafumba macho. Nyumba nzima ilikuwa inanuka banda, na hata ile kahawa waliyoiunguza makusudi haikusaidia kitu. Lakini mkaguzi wala hakukunja pua.

"Sponji nzima kabisa," akasema.

"Basi aliyelimaliza ni huyu hapa," Migdalia akamnyooshea mumewe kidole. "Kutwa amekaa."

"Si wewe uliyeniambia nikae, nisiguse kitu humu ndani?" Eulogio akauliza.

"Nilikwambia ukae. Sikukwambia utoboe."

Pale chini ya kochi pakasikika, kwik.

Arsenio akageuka. "Nini hicho?"

"Mume wangu ana kwikwi," Migdalia akasema.

Eulogio akajikaza, akatoa moja. Na kule chini ikatoka nyingine, saa ileile.

"Anazo mbili?"

"Huwa zinamjia kwa pamoja, tangu utoto."

Arsenio akamtazama Eulogio kwa huruma kidogo, halafu akarudi kwenye ugonjwa wa kochi. "Nishikieni huku, tulipindue."

Migdalia akajitupa kwenye mkono wa kochi, akakaa kama mtu aliyepigiliwa misumari. "Hili halipinduliwi. Ni la kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nini?"

Migdalia akamwangalia mumewe. Mumewe akaangalia dari. "Ya kukaa," Eulogio akasema.

Chumbani Yusleidis alikuwa anajifunza dansi ya sherehe yake peke yake, anahesabu hatua kwa sauti, moja mbili tatu, moja mbili tatu. Migdalia aliposikia hivyo akaung'ang'ania mkono wa kochi zaidi.

Arsenio hakubishana. Akapiga magoti, akainua kile kitambaa cha chini, akaingiza mkono. Ukaingia kiganja, ukaingia mpaka kiwiko, ukasimama. Uso wake ukabadilika. Mkono ukasogea kidogo, ukaanza kupapasa taratibu, na ndani ya kochi ikasikika pumzi ndefu, kama ya mtu aliyekunwa mgongo.

Eulogio akatafuta pa kukaa, akakumbuka hakuna.

"Ndugu mkaguzi," Migdalia akasema, sauti imekwisha. "Ni sherehe ya mtoto."

Arsenio akatoa mkono, akajifuta kwenye suruali, akaenda mlangoni. Wakajua sasa ndiyo anaita wenzake. Akachungulia ngazi, juu na chini. Kisha akaufunga mlango kwa komeo, akarudi akachuchumaa palepale, akaanza kuongea kwa kunong'ona.

"Mmekosea. Mikanda yote mmeng'oa ya nini? Ile ya mbele unaiacha, juu yake unalaza ubao, halafu kwenye kona unafunga springi mbili tu, ili mtu akikaa linese kidogo." Akapima kwa vidole mahali pa kupitisha ubao. "Wa kwangu ana kilo themanini, na mama mkwe anakaa juu yake kila jioni anatazama tamthilia. Mpaka leo anajua anayekoroma ni mimi."